84 na 628: miguu ileile, chipu nyingine

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipanga upya sanduku la vifaa vyangu vya zamani nikakuta kikopo cha plastiki cha filamu ya kamera. (Vijana, waulizeni wazazi wenu kikopo cha filamu ni kitu gani.) Ndani mlikuwa na chipu mbili zimechomekwa kwenye kipande cha sponji nyeusi, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Chipu moja imeandikwa PIC16F84A, nyingine PIC16F628. Ukizipindua usione maandishi huwezi kuzitofautisha. Plastiki nyeusi, miguu 18, tisa kila upande. Zote mbili zinapokea umeme kwenye mguu wa 14, na mguu wa 5 ndio wa ardhi.

Kwa wasiozijua, hizi zinaitwa maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja: prosesa, kumbukumbu, na miguu ya kuongea na ulimwengu wa nje. Ziko ndani ya rimoti yako ya TV, mikrowevu yako na king'ora cha gari la jirani kinachokuamsha usiku. Familia hii ya PIC ndiyo iliyowafundisha watu wengi sana, mimi nikiwemo, kuandika programu ya kitu unachoweza kukigusa.

Ile 628 niliinunua Luthuli Avenue baada ya kuambiwa dukani kwamba "ni kama 84 tu, lakini bei nafuu". Kwa upande wa nyaya muuzaji alisema kweli. Kwa upande wa programu alinikosesha usingizi siku mbili. Leo nataka kueleza kilichotokea siku hizo mbili, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo limenisumbua muda mrefu: kwa nini ile chipu dhaifu, na ghali zaidi, iliendelea kununuliwa na kufundishwa miaka mingi baada ya ile bora kufika madukani?

Tuanze nyuma kidogo.

Jina PIC ni la miaka ya 1970. Kampuni ya Marekani iitwayo General Instrument ilikuwa na prosesa yake, CP1600, hodari wa hesabu lakini mzito wa kushughulika na vifaa vya nje. Wakaunda chipu ndogo ya kuisaidia kazi hiyo, PIC1650. Prosesa yenyewe ikasahaulika (ndugu yake CP1610 aliendesha mashine ya michezo ya Intellivision), lakini msaidizi akabaki. Mwaka 1987 General Instrument ilitenga kitengo chake cha chipu, nacho kikawa Microchip, kampuni ya Chandler, Arizona.

Kwa mtu wa nyumbani, tatizo la PIC za mwanzo halikuwa uwezo wake. Lilikuwa ni kufuta. Ukitaka chipu ya bei nafuu unapata ile ya kuandikwa mara moja tu. Ukikosea, unayo kokoto yenye miguu. Ukitaka ya kufutika unanunua ya kauri yenye kidirisha cha kioo cha kwazi juu yake, bei yake mara kadhaa, halafu utafute na taa ya miale ya UV ya kuifutia. Sasa piga picha. Umeandika programu, umeichoma, umechomeka chipu kwenye saketi, taa ya LED haiwaki. Unatazama tena, unaona umekosea herufi moja. Unachomoa chipu, unaiweka chini ya taa, unakwenda kupika chai. Robo saa, pengine dakika ishirini. Unaichoma tena. Kosa la pili. Kwa mwendo huo jioni nzima inakupa nafasi nne au tano za kukosea, na anayeanza huwa hakosei mara tano, hukosea mara hamsini.

Mwaka 1993 Microchip ilitoa PIC16C84, na hapa ndipo historia yetu inapoanza hasa. Kumbukumbu ya programu ilikuwa EEPROM, ya kufutwa kwa umeme, kwa sekunde. Haina kidirisha, haihitaji taa. Haikuwa maikrokontrola ya kwanza duniani kuwa na EEPROM ndani, maana Motorola walikuwa nayo katika familia ya 68HC11. Lakini hii ilikuwa ndogo, haikuhitaji chipu nyingine pembeni, na iliandikwa kwa nyaya mbili tu: mguu wa RB6 unapokea mapigo ya saa, wa RB7 unapokea biti moja moja. Ongeza umeme wa kawaida, ardhi, na volti 13 hivi kwenye mguu wa nne ili ijue kwamba unataka kuichoma. Nyaya tano, basi. Na Microchip wakachapisha wazi utaratibu wote wa kuichoma.

Hilo la mwisho watu hulipuuza, lakini mimi naliona kubwa kuliko EEPROM yenyewe. Kwa sababu utaratibu ulikuwa wazi, watu walijiundia wenyewe kifaa cha kuchomea programu, tulichokiita kichomeo. Vya kwanza vilichomekwa kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta, vikiwa na transista chache na kipande cha ubao. Baadaye kikaja kile maarufu cha JDM, herufi za jina la Mdenmark aliyekichora. Hicho hakikuhitaji hata adapta ya umeme. Kilijikamulia volti zote kutoka tundu la siriali la kompyuta. Kwenye kompyuta kubwa za mezani kilifanya kazi vizuri. Kwenye vipakatalishi, ambavyo tundu lake lilitoa volti pungufu, kilikuwa bahati nasibu. Ukiona mtu wa rika langu anaipenda kupita kiasi kompyuta yake nzee ya mezani yenye tundu la siriali, sasa unajua sababu.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 herufi C ikawa F, na chipu ikawa PIC16F84: kumbukumbu ya programu sasa ni ya flashi, na RAM ikapanda kutoka baiti 36 hadi 68. Mengine yote yalibaki yalivyokuwa, isipokuwa kitu kimoja kidogo. Kati ya biti za kupanga tabia ya chipu kuna moja inayoitwa PWRTE, inayoiambia chipu isubiri kidogo umeme utulie kabla ya kuanza kazi. Kwenye C84, moja ilimaanisha "washa". Kwenye F84, moja inamaanisha "zima". Waligeuza! Kwa wengi haikuleta madhara, lakini kumbuka kisa hiki, kina wenzake mbele.

Halafu ikaja F84A, ambayo ni ileile lakini inaweza kwenda kwa megahezi 20 badala ya 10.

Sasa tuone tulichokuwa tukifurahia. Programu nzima isizidi maneno 1,024, kila neno biti 14. Kumbukumbu ya kazi baiti 68. Sentensi hii unayoisoma sasa hivi, ukiihifadhi herufi kwa herufi, isingeenea humo ndani. Amri ni 35 tu, unaweza kuzikariri kwa wiki moja. Miguu 13 ya kuingiza na kutoa. Kipima muda kimoja. Ukiita fangsheni ndani ya fangsheni zaidi ya ngazi nane, ile ya tisa inafuta anwani ya kurudi ya kwanza bila kukuambia lolote, halafu programu inapotelea porini.

Haikuwa na njia ya siriali. Ukitaka iongee na kompyuta kwa kasi ya 9600 unahesabu mwenyewe: kila biti ikae mikrosekunde 104, na kwa kristali ya megahezi 4 kila amri inachukua mikrosekunde moja, ile ya kuruka mbili. Basi unaandika amri zako, unazihesabu kwa kidole, unajaza mapengo kwa `nop` mpaka zifike 104. Nimefanya hivyo. Herufi ya kwanza ilipotokea sahihi kwenye skrini nilimwamsha mwenzangu wa chumba kumwonyesha herufi A. Hakufurahi.

Nitaje pia upande mwingine wa umaarufu wake. Kwa kuwa ilikuwa rahisi kuchomwa, 84 ilipendwa na waliovunja kufuli za TV za satelaiti. Ile kadi iliyoitwa ya dhahabu ilikuwa PIC16F84 na chipu ya EEPROM 24LC16 zimefichwa ndani ya plastiki ya umbo la kadi ya benki. Na kufuli ya 84 yenyewe haikuwa madhubuti. Mwaka 1996 Ross Anderson wa Cambridge na Markus Kuhn waliandika makala kuhusu udhaifu wa chipu zinazodaiwa kutunza siri, na 16C84 ilikuwa mmoja wa mifano yao: ukiipandishia volti za umeme wa kawaida hadi karibu na zile za kuchomea huku ukirudia kuandika, biti ya kufuli inafutika na programu inabaki. Nani alitegemea kufuli hiyo kulinda biashara yake? Wengi tu.

Haya. Karibu na mwaka 2000 ikaja PIC16F628.

Kwa hesabu tupu hakuna mashindano. Programu maneno 2,048, mara mbili. RAM baiti 224, zaidi ya mara tatu. EEPROM ya data baiti 128 badala ya 64. Vipima muda vitatu. Njia ya siriali ya kweli, kwa hiyo hesabu za kidole kwaheri. Uwezo wa kutoa mapigo ya kudhibiti kasi ya mota au mwanga wa taa. Vilinganishi viwili vya volti. Na ina saa yake ya ndani ya megahezi 4, maana yake kristali na kapasita zake mbili unaweza kuziacha dukani, na miguu yake ukaitumia kwa kazi nyingine: kutoka miguu 13 unafika 15. Yote haya kwenye umbo lilelile la miguu 18, kila mguu mahali pake pa zamani. Na bei ilikuwa chini.

Nikainunua. Nikachomoa 84 kwenye soketi, nikaweka 628 yenye programu ileile. Ilikuwa programu ndogo: taa tatu za LED kwenye PORTA zinawaka moja, mbili, tatu mpaka zote ziwe zimewaka, kisha zinazimika na kuanza upya. Kwenye 84 ilikuwa imefanya kazi miezi mizima.

Taa ya kwanza ikawaka. Ikabaki hapo. Nikasubiri. Nikazima na kuwasha. Taa ya kwanza, kimya.

Nilidhani chipu ni mbovu. Nikaangalia nyaya, nikabadilisha kristali, nikalaumu muuzaji. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mstari ambao kila mwanafunzi wa 84 aliunakili bila kufikiri: ule unaosema vigeu vianzie anwani 0x0C. Kwenye 84 hapo ndipo RAM inapoanza. Kwenye 628 RAM inaanza 0x20, na zile anwani za chini wamepewa wageni wapya. 0x0C ni rejista ya bendera za vifaa vya ndani. 0x0E na 0x0F ni kipima muda cha pili. 0x1F ndiyo inayoamuru vilinganishi. Na 0x0D? 0x0D hakuna kitu. Ni kiwanja kitupu. Ukiandika hakihifadhi, ukisoma unapata sifuri.

Bahati yangu, kihesabio changu cha kuchelewesha kilikaa 0x0D. Programu inasema: punguza moja, ikifika sifuri endelea. Chipu inasoma sifuri, inapunguza moja inapata 255, si sifuri, inaandika 255 kwenye kiwanja kitupu. Inarudi, inasoma sifuri tena, inapunguza, 255 tena. Mpaka mwisho wa dunia. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kitu kilichoharibika. Chipu ilikuwa ikinitii kwa uaminifu wote.

Nikahamisha vigeu hadi 0x20. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka, na ya kwanza ikazimika. Ya tatu ikawaka, ya pili ikazimika. Sasa hii ni nini tena?

Hapa wageni walikuwa wale vilinganishi. 628 inapoamka, miguu minne ya kwanza ya PORTA imekabidhiwa kwa vilinganishi, si kwa kazi ya kawaida ya ndiyo-na-hapana. Ukiisoma kama mguu wa kawaida inajibu sifuri daima. Na amri ya `bsf`, ya kuwasha biti moja, kwa siri husoma bandari yote, hubadilisha biti moja, huandika yote. Kwa hiyo nilipowasha taa ya pili, chipu ilisoma taa ya kwanza kama sifuri ikaiandika hivyo hivyo. Dawa yake ni mistari miwili mwanzoni mwa programu: weka 7 kwenye rejista ya CMCON. Mistari miwili! Ilinichukua usiku mmoja kuipata, ndani ya kitabu cha maelezo ya chipu, kurasa nyingi baada ya mahali nilipoacha kusoma.

Tatizo la tatu nililigundua kwa kicheko. Taa sasa zilifanya kazi, lakini siku nyingine saketi iliwaka na siku nyingine haikuwaka, hasa nikisogeza mkono karibu na ubao. Katika kuhangaika nikachomoa kristali. Programu ikaendelea kama kawaida! Chipu inakwenda bila moyo?

Wa kulaumiwa ni namba 0x3FF1. Hiyo ndiyo namba tuliyoiandika wengi kwenye 84 kupanga tabia ya chipu: kristali ya kawaida, mlinzi wa muda azimwe, kufuli iachwe wazi. Kwenye F84 biti kumi za juu zote ni za kufuli, kwa hiyo unaziweka moja zote na kusahau. Kwenye 628 kufuli haizihitaji zote, hivyo baadhi zikagawiwa kazi mpya. Moja kati ya hizo sasa inachagua aina ya saa, na kwa namba ileile ya 0x3FF1 inasema "tumia saa ya ndani". Kristali yangu ilikuwa pambo tu. Saa ya ndani ni megahezi 4, kristali ilikuwa megahezi 4, basi nani angetambua? Biti nyingine inawasha uchomaji wa volti ndogo kupitia mguu wa RB4. Mguu huo ukiwa unaning'inia bila kuunganishwa na kitu, umeme tuli wa mkono wako unatosha kuuinua wakati chipu inaamka, nayo inadhani umekuja kuichoma. Inakaa inasubiri programu ambayo haiji.

Kulikuwa na mengine niliyokutana nayo baadaye kwenye programu ya saa ya ukutani. Rejista za EEPROM zilihamia benki nyingine ya kumbukumbu. Na kwenye 84 RAM ya benki 1 ni kivuli cha benki 0, kwa hiyo ukisahau kubadilisha benki hakuna atakayejua. Kosa lako linasamehewa. Kwenye 628 benki ni tofauti kweli, isipokuwa baiti 16 za mwisho kuanzia 0x70 zinazoonekana kutoka kote. Katizo likiingia wakati uko benki 1, na ulizoea kuhifadhi rejista ya W popote pale, unaihifadhi kwa jirani. Kosa la namna hii linatokea mara moja kwa saa tatu na linakuzeesha.

Haki isemwe, hakuna hata moja kati ya haya lililofichwa. Yote yameandikwa kwenye kitabu cha maelezo. Mwenye programu yake aliyeiandika mwenyewe na kuielewa angeihamisha kwa jioni moja. Ila watu wengi hawakuwa na programu zao. Walikuwa na programu za wengine.

Mwaka 1998 gazeti la Uingereza la Everyday Practical Electronics lilichapisha mafunzo ya PIC ya John Becker yaliyojengwa juu ya 16x84 (ile x ni ya kusema C au F, yoyote uliyo nayo). Kwenye intaneti kulikuwa na mamia ya kurasa za saa, vipimajoto, vifungua milango na taa za Krismasi, zote za 84. Nyingi hazikutoa hata maandishi ya programu, zilitoa faili ya hex tupu, tayari kuchomwa. Faili ya namna hiyo huwezi kuibadilisha 0x0C kuwa 0x20 kwa kalamu. Na programu za zamani za kompyuta za kuendesha vichomeo zilijua 84 tu, kwa sababu 628 ina utaratibu wake wa kuchomwa. Kwa hiyo mtu aliyeshika 628 mkononi alikuwa na chipu bora isiyo na kitu cha kuifanyia, na mtu aliyeshika 84 alikuwa na maktaba.

Huku kwetu ilikuwa hivyo hivyo, kwa karatasi. Noti tulizotumia zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, picha zake zimegeuka madoa, na juu ya kila ukurasa iliandikwa 16F84. Mhadhiri anayejua kwamba noti zake zinafanya kazi ana sababu gani ya kuzibadilisha ili wanafunzi arobaini wamfuate na taa tatu zisizowaka? Nimewahi kumlaumu mhadhiri wa aina hiyo. Siku hizi simlaumu sana.

Na nikiri jambo lingine: kwa siku ya kwanza 84 ilikuwa mwalimu bora. Inapoamka kila mguu ni wa kawaida, hakuna mgeni wa kumfukuza kabla hujaanza. Ramani yake nzima ya rejista inaenea nusu ukurasa. Ukiandika programu ya mistari kumi, mistari yote kumi ni kazi yako, si ya kuzima vitu ambavyo hukuviomba. Kwa kujenga kitu cha kweli ningechagua 628 bila kufikiri mara mbili. Kwa kumfundisha mpwa wangu katika saa moja, kabla hajachoka na kurudi kwenye simu yake, nadhani ningeweka 84 mezani.

Kilichoziondoa zote mbili kwenye meza za wanafunzi kilitoka kwingine. Mwaka 2005, mjini Ivrea, Italia, ukaanza mradi wa Arduino, uliotumia chipu ya ATmega8 ya Atmel. Watu husema ulishinda kwa sababu ya USB na bei. Mimi naona kitu kingine. Arduino nayo ilibadilisha kizazi cha chipu, kutoka ATmega8 hadi ATmega168 na baadaye 328, zenye miguu ileile 28. Rejista nyingi zilibadilika majina na anwani kati ya ATmega8 na 168, kama vile ilivyotokea kati ya 84 na 628. Lakini mwanafunzi alikuwa ameandika `digitalWrite(13, HIGH)`, na aliyejua mguu wa 13 uko rejista gani ni maktaba iliyokuwa chini yake. Akabadilisha ubao, akachagua jina jipya kwenye menyu, taa ikawaka. Hakujua kwamba kuna kizazi kilichopita. Hakukosa usingizi, na pia hakujua `bsf` husoma bandari nzima. Mwaka 2016 Microchip ikainunua Atmel, kwa hiyo sasa chipu hizi zote ni za nyumba moja.

Nilizijaribu zile mbili Jumamosi hiyo hiyo. 84A bado ina programu ya taa tatu. Niliipa volti tano na kristali, ikaanza moja, mbili, tatu kana kwamba tuliachana jana. 628 haikuwasha kitu, na nikatumia dakika kumi kuikagua kabla sijakumbuka kwamba nyaya zile ni za PORTA na programu iliyomo ni ya saa ya ukutani, inayotumia PORTB. Kikaratasi kilikuwa ukurasa wa noti za zamani, ule wa vigeu. 0x0C imekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa 0x20, na chini yake, kwa mwandiko wangu, kubwa kuliko inavyohitajika: CMCON = 7!!! USISAHAU.